Mtu wa Thelathini na Mbili

Kidole cha thelathini na moja kilikuwa cha mtoto, cha mpira mwekundu, na mistari yake ilikuwa imeanza kufutika kwa kutumiwa sana. Wendo alikibonyeza kwenye kibao, akangoja taa ndogo iwake, kisha akakirudisha sandukuni pamoja na wenzake. Mbele yake, juu ya meza ya karakana, ulisimama mlango usio na nyumba: fremu ya chuma, bawaba tatu, kufuli, na kiini chenye ukubwa wa punje ya hindi kilichochomekwa ubavuni. Mlango uliguna kidogo, ukatulia. Tangu juzi mambo yalikuwa sawa mpaka hapo. Baada ya hapo ndipo palipokuwa na kazi.

Akainamia sanduku kutafuta kidole kingine.

"Leo umekula wangapi?" sauti iliuliza nyuma yake.

"Thelathini na mmoja," Wendo alijibu bila kugeuka. "Na tumboni bado pana nafasi. Karibu."

Luvanda alicheka, akavuta ndoo, akaigeuza na kuikalia. Alikuwa fundi wa mapazia ya maji, yale yanayoteremka nje ya kila mlango king'ora kinapolia, na viatu vyake vilikuwa havikauki mwaka mzima. Alitoka Iringa, Mhehe wa damu, mtani wa Wagogo, na tangu aajiriwe katika Mamlaka ya Malango hakuwahi kumwita Wendo kwa jina lake.

"Wewe Mgogo, hebu nieleze. Hiki kipunje kinawezaje kujua watu wa tembe nzima?"

"Hakijui watu, mla mbwa wewe. Kinajua biti." Wendo alimwonyesha skrini. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, na akieleza jambo la kazi sauti ilizidi kushuka. "Kiini kinashika neno moja kwa wakati. Neno lina biti thelathini na mbili, basi. Kila mtu wa tembe nampa biti yake. Akiwa nje ni sifuri, akiingia ni moja. Zote zikiwa moja, mlango unajua wamo wote, unafunga."

"Sasa mbona unakwama kwenye thelathini na moja? Au moja umeshaiomba, ombaomba wewe?"

"Moja ni alama. Inaniambia kama kilichomo kwenye neno ni watu wenyewe, au ni anwani ya mahali walipo." Alifikiri kidogo. "Ni kama pindo la kanga. Kitu kidogo mama anakifunga pindoni, akikitaka anakifungua hapo hapo. Kikiwa kikubwa, pindoni anafunga ufunguo tu. Kitu chenyewe kiko ghalani."

"Na ghala ni la nani?"

"La wote. Feni inaweka mambo yake humo, pampu ya pazia lako, vipima joto. Asubuhi lina nafasi tele. King'ora kikilia, kila mmoja analikimbilia kwa pamoja."

Luvanda aliacha kutabasamu. Hakuwa mjinga. "Kwa hiyo mtu wa thelathini na mbili akifika king'ora kikilia…"

"Ndicho ninachojaribu."

Alibonyeza kitufe cha king'ora cha uongo. Feni ndogo ya mezani ikaanza kuzunguka, pampu ikavuma, namba za ghala zikapungua kwenye skrini kama maji yanayonyweka mchangani. Kisha akaweka kwenye kibao kidole cha thelathini na mbili, kidole kinene cha mwanamume, na akangoja.

Hakuna taa iliyowaka. Kiini kiliomba nafasi ghalani ili kiwahamishie watu wake huko, kikaikosa, na ile kazi, kipande cha msimbo alichokiandika Wendo, ikarudisha jibu moja: imeshindikana. Maandishi yakatokea juu ya kibao: MMOJA YUKO NJE. Mlango haukufunga.

"Vizuri," Luvanda alisema.

"Vizuri kwa nani?"

Aliyeuliza alikuwa Mhandisi Chiduo, mkuu wa karakana, mtu mrefu mwenye mvi za mapema, aliyekuwa na tabia ya kusimama mikono ikiwa nyuma kama mtu anayekagua shamba la mwenzake. Alisogea mpaka kwenye meza na kuusukuma ule mlango kwa kidole kimoja. Ukabembea.

"Utakaa wazi mpaka lini, Wendo?"

"Mpaka aingie, Mhandisi. Au mpaka ghala lipate nafasi."

"Na wale thelathini na mmoja walioko ndani?"

Swali lilikuwa la haki. Kila mtu katika Ugogo alilijua jua la mchana. Ndilo lililowafanya watu waache nyumba za mabati na za vioo na kurudi kwenye tembe, zile nyumba ndefu za udongo zilizozama nusu ardhini, paa lake tambarare likibeba udongo juu yake, ukoo mzima ukikaa pamoja chini yake. Kuanzia saa sita mpaka saa kumi mlango uliofungwa vizuri ulikuwa uhai.

"Kule Nghulugano mlango wa tembe ulibaki wazi," Chiduo alisema taratibu. "Kwa kosa la taa ya kibao. Hapakuwa na mtu nje hata mmoja. Nilihesabu maiti kumi na tisa kwa mkono wangu, na wawili kati yao wanangu. Usiniletee mlango unaongoja."

Luvanda aliinuka kwenye ndoo.

"Nipe siku mbili," Wendo alisema. "Sijaiona njia, lakini sidhani kama ziko mbili tu."

"Milango ya majaribio inaondoka leo jioni. Ni tembe mbili, na hakuna yenye watu kuzidi thelathini. Ile sehemu ya kushindikana nitaiweka sawa mwenyewe."

Wendo aliitikia kwa kichwa. Alidhani Mhandisi atapunguza muda wa kungoja. Alidhani labda ataweka kengele.

*

Moja ya tembe hizo mbili ilikuwa ya Bi Semeni, na wiki ile ile Bi Semeni alifiwa na mumewe, Mzee Chibehe.

Luvanda aliomba ruhusa kwenda msibani. Hakuwa ndugu, hakuwahi hata kumwona marehemu. Lakini msiba wa Wagogo usio na Wahehe wa kuuchekesha ungekuwa msiba gani? Aliwakusanya wenzake wanne wa karakana, watani wote, na asubuhi wakaondoka na gari la Mamlaka huku wakitunga njiani matusi ya kumtukania marehemu. Wendo alibaki na sanduku lake la vidole.

Simu ililia baada ya saa nane. Mwito ulitoka katika tembe ya Bi Semeni, na aliyezungumza alikuwa mmoja wa wale wanne, naye hakuweza kuunganisha maneno mawili. Wendo alielewa jina la Luvanda na neno "nje".

Hakuna gari lililoruhusiwa kutembea kabla ya saa kumi. Alikaa mezani, mikono mapajani, akautazama mlango usio na nyumba mpaka king'ora cha saa kumi kilipolia.

Alipofika, mlango wa Bi Semeni ulikuwa umefunguliwa na kuegemezwa gogo. Pazia la maji lilikuwa limekwisha, limebaki tone moja moja. Nje ya kizingiti palikuwa na kigoda cha miguu mitatu kimelala ubavu. Kando ya mlango kibao kilikuwa bado kinang'aa kijani, herufi kubwa zinazosomeka hata kwa mwenye mtoto wa jicho: WOTE WAMO NDANI.

"Mbukwenyi," Wendo alisalimia kizingitini.

"Mbukwa, mwanangu. Pita." Bi Semeni alikuwa amekaa chini, kitambaa cha ufiwa kichwani, na hakuinua macho. "Wewe ndiwe mwenye mlango?"

"Ndimi niliyeuandikia, mama."

"Basi mwone kwanza. Halafu uje tuzungumze."

Luvanda alikuwa amelazwa chumba cha ndani kabisa, juu ya ngozi ya ng'ombe, amefunikwa shuka lililoloweshwa. Uso ulikuwa umevimba na kuchubuka, na viganja vyake vilikuwa vimefungwa kanga zilizokwisha kushika ute. Vilikuwa vimegusa chuma cha mlango muda mrefu. Alipumua kwa sauti kama mtu anayenywa uji wa moto. Gari la wagonjwa lilikuwa njiani.

Wendo alipiga magoti. Jicho moja la Luvanda likafunguka.

"Mgogo," alisema, kila neno na pumzi yake. "Nimekuja kuwazikia… hata ugali mmeninyima."

"Nyamaza, mtani. Usiongee."

"Nilinyamaza." Midomo ilijaribu kucheka, ikapasuka. "Ndipo wakafungua."

Wendo hakuelewa mpaka Bi Semeni alipomweleza. Mama huyo alieleza bila haraka, kama anayepanga kuni, na hasira yake ilikuwa kwenye kutokuwa na haraka kule.

Wahehe walifika wakati watu wametoka makaburini. Wakafanya mambo yao. Mmoja alijifunga kanga ya mjane na kulia kuliko wafiwa. Luvanda alikichukua kigoda cha marehemu, akakiweka nje ya kizingiti, akakaa juu yake na kutangaza kwamba yeye ndiye mrithi, na haingii ndani mpaka apewe pombe na binti wa kuolewa. Watu walicheka mpaka wakasahau walichokuwa wakililia. King'ora kilipolia, wageni na wenyeji wakaanza kuingia, mmoja mmoja, kila mmoja akigusa kibao, wakongwe na wenye watoto kwanza. Luvanda alibaki wa mwisho kwa sababu alikuwa akikagua pazia la maji. Ilikuwa kazi yake, hata msibani. Akagusa kibao. Mlango ukafunga.

"Ukafunga mbele ya uso wake," Bi Semeni alisema. "Nasi tukatazama kibao kwa upande wa ndani. Kinasema wote wamo. Akaanza kugonga. Akaanza kupiga kelele. ‘Nifungulieni nyie ombaomba, naungua! Marehemu wenu mbahili, mmemrithi ubahili!' Tukacheka."

Pembeni, wanawake wawili walijifunika nyuso.

"Tulicheka, mwanangu. Kwa sababu ni mtani, na kibao kimesema hakuna mtu nje. Mtu aliyeko ndani kwa mujibu wa kibao, anawezaje kuungua nje? Tulisema amejificha nyuma ya gunia anabadilisha sauti. Wajukuu zangu wakamjibu kwa nyimbo. Mkono wa kufungulia huo hapo, hata mtoto wa miaka sita anauvuta. Hakuna aliyeuvuta. Mpaka aliponyamaza. Ndipo nikasema, Mhehe hanyamazi msibani. Fungueni."

Wendo alichomeka kisomeo chake kwenye kiini. Hakuwa mwepesi wa kuhukumu. Hata sasa alianza na kazi yake mwenyewe, mstari kwa mstari, akitafuta kosa lake. Mtu wa thelathini na mbili amegusa kibao. Neno limejaa. Kiini kimeomba nafasi ghalani. Pampu na feni zimeshaimaliza. Kazi imerudisha jibu: imeshindikana. Ilikuwa imesema ukweli, kwa wakati wake, kwa aliyepaswa kuambiwa.

Mstari uliofuata haukuwa wake. Ulikuwa mfupi sana. Ulisema: ikishindikana, endelea.

Ndivyo ilivyokuwa. Mlango ulikuwa umeambiwa kwamba yupo mtu asiye na nafasi, nao ukaamriwa ufanye kama haukusikia. Ukarudi kwenye neno lake la zamani, ukatazama biti thelathini na moja, zote zikiwaka, ukasema wote wamo. Na kwa hesabu ya neno lile haukudanganya. Luvanda alikuwa hayumo kwenye hesabu, kwa hiyo hakuwa nje. Hakuwa popote.

Kitu kilimpanda Wendo kifuani, polepole, kama maji ya kisima mvua ikinyesha mbali. Alichomoa kisomeo.

"Mama, msikiamini kibao hiki mpaka nirudi. Mtu akigonga, fungueni."

"Hata akiwa anatania?"

"Hasa akiwa anatania."

*

"Alivunja utaratibu," Chiduo alisema asubuhi. "Alikaa nje kwa mzaha."

"Aligusa kibao, Mhandisi. Kabla ya mlango kufunga. Utaratibu ni huo."

Walikuwa wamesimama pande mbili za meza, mlango mtupu katikati yao. Chiduo hakuwa amelala. Macho yake yalikuwa mekundu, na alikuwa ametoka hospitalini ambako Luvanda alikuwa amewekewa mpira wa kupumulia. Wendo alilijua hilo, na lilimzuia kuanza na maneno aliyokuwa ameyapanga.

"Kwa nini hukuniambia kuhusu ule mstari?"

"Ungekataa."

"Ningekataa."

"Basi." Chiduo alipangusa uso. "Sikiliza. Usiku nimefikiri, na nadhani kosa letu liko kwenye ghala. Lenyewe ndilo linaloshindikana. Neno halishindikani, liko hapo hapo, halimwombi mtu. Tuliondoe ghala. Mlango ubaki na neno tupu, watu thelathini na mmoja. Mwenye watu zaidi agawe tembe yake, ajenge nyingine. Msimbo utakuwa nusu ya ulivyo. Hautashindwa kamwe. Wewe mwenyewe, Wendo, unapenda vitu vidogo vilivyo sawa."

Ilikuwa kweli, ndiyo iliyomuuma. Alikuwa amelipenda neno lile tangu siku ya kwanza, jinsi lilivyobeba nyumba nzima bila kwenda kuomba kwa jirani. Msimbo usio na tawi la kushindikana ni msimbo mzuri. Kama angeonyeshwa karatasi tu, bila jina wala mahali, angeuchagua.

"Na mgeni?" aliuliza.

"Mgeni ana kwao."

"Kwao ni Iringa, Mhandisi! Jua ni la saa sita!" Sauti yake ilipanda, naye akashtuka kuisikia. Vijana wa bawaba upande wa pili wa karakana waliacha nyundo. Akaishusha, lakini maneno hayakupoa. "Bi Semeni ana watu ishirini na sita. Kila siku ana watu ishirini na sita. Siku mume wake akifa ana thelathini na wawili. Tembe gani hapa Ugogo haifiwi? Tembe gani haiozi binti? Unataka wasimame kizingitini wahesabiane, shangazi aingie, mtani abaki? Wamwambie bibi wa watu, neno limejaa?"

"Nataka wasife thelathini na mmoja kwa ajili ya mmoja."

"Walifungua, Mhandisi. Wakamvuta ndani. Hakufa mtu."

"Jana. Jana hakufa mtu. Nghulugano—"

"Nghulugano hakuna aliyejua!" Wendo aliweka viganja vyote viwili mezani. "Kibao kilikufa, hakuna aliyejua nani yuko nje na nani ndani, ndiyo maana mlango ulikaa wazi na hakuna aliyeufunga kwa mkono. Nakupa pole ya wanao, na nitakupa mpaka nakufa. Lakini dawa ya watu wasiojua, wewe umeitoa kwa kuwaficha wengine wasijue."

Chiduo akasema jambo ambalo Wendo aliona baadaye kwamba lilikuwa la kweli kuliko yote aliyoyasema.

"Wakijua, watafungua. Kila mara. Kila mtu nje atakuwa mwana wa mtu ndani. Hawatahesabu kama mimi. Ndiyo maana niliandika vile."

"Ndiyo," Wendo alisema. "Na ndiyo maana wanapaswa kujua. Kufunga au kufungua, hilo naweza kukaa na wewe tukabishana mwaka mzima, na labda utanishinda. Lakini ni uamuzi wao, wa watu walio nyuma ya mlango ule, wanaomjua anayegonga. Wewe uliamua kwa niaba yao, halafu ukawachekesha. Bi Semeni alimcheka mtu anayeungua, Mhandisi. Ulimfanya acheke. Nani atamwondolea kicheko hicho?"

Feni ya mezani ilikuwa imeachwa ikizunguka. Chiduo alinyoosha mkono akaizima.

"Kabla ya wiki ya moto kuanza, toleo hili linakwenda kwenye milango yote," alisema. "Kesho mchana nalihitaji. Lenye ghala au lisilo na ghala, lakini lisiwe linangoja."

Akaondoka, mikono nyuma.

*

Wendo hakula mchana ule. Aliletewa ugali wa uwele na mlenda, vikapoa pembeni mwa kibodi.

Njia aliyokuwa akiitafuta ilikuja kwa uchovu tu, kwa kurudia rudia swali dogo: ni lini ghala lina nafasi? Asubuhi. Basi mlango usingoje mtu wa thelathini na mbili afike king'ora kikilia. Watu wakikaribia kujaza neno, wakiwa ishirini na wanne hivi, mlango uende ghalani kungali na ubaridi, uombe chumba, ukifunge, ukae na ufunguo wake. Kikihitajika, kipo. Kisipohitajika, jioni kirudishwe. Gharama yake ilikuwepo: feni ingepoteza kumbukumbu zake za juzi na jana, na mafundi wangelalamika kwamba hawajui kwa nini imeharibika. Wacha walalamike.

Aliandika ombi la asubuhi, akalijaribu kwa vidole vya mpira, likakubali. Akaanza sehemu ya kuhamisha watu kutoka kwenye neno kwenda kwenye chumba kipya, na hapo akapunguza mwendo, maana palikuwa na utelezi. Ile biti ya alama lazima ibadilishwe mwisho kabisa, baada ya kila mtu kunakiliwa. Ukiibadilisha mapema hata kwa nukta moja, mlango utawasoma watu kana kwamba ni anwani, utakwenda mahali pasipokuwa na kitu, na utaleta jibu kutoka huko. Aliandika, akafuta, akaandika tena. Hakuridhika.

Na juu ya hayo yote, alijua hajamaliza tatizo. Alikuwa amelisogeza. Chumba kina ukubwa wake. Utakuja msiba wa watu sitini na watano. Hata ghala likiwa kubwa kama bonde, atakuwepo mtu mmoja atakayefika wakati limejaa. Huyo ndiye aliyekuwa amemwandikia kazi tangu mwanzo, na hakukuwa na hesabu ya kumfuta.

Kwa hiyo alirudi kwenye mstari wa kwanza wa kazi yake, pale inapotangaza inarudisha jibu gani, akaubadilisha. Zamani jibu la kushindikana lilikuwa namba tu, na anayepewa namba anaweza kuiweka mfukoni akaondoka. Sasa alilifanya kuwa kitu kisichoweza kuachwa. Yeyote atakayeiita kazi hii atapaswa kuandika, kwa maneno, anafanya nini ikishindikana: anamwambia nani, na kibao kinaonyesha nini. Asipoandika, kitafsiri kinachogeuza msimbo kuwa lugha ya kiini kitakataa, na hakutakuwa na toleo la kupeleka popote.

Akaiita kazi ya kutafsiri. Ilitembea mafaili mengi bila kusema kitu. Kisha ikasimama.

Ilisimama kwenye mstari wa Chiduo. Jibu halijashughulikiwa, ilisema. Eleza kibao kinaonyesha nini.

Chini ya hapo palikuwa na nafasi tupu.

Nje vivuli vilikuwa vimeanza kurefuka, na wenzake walikuwa wakinawa mikono. Chiduo alipita akielekea kutoka, akaona skrini, akasimama.

"Umevunja toleo," alisema.

"Halijavunjika, Mhandisi. Halijaisha. Kuhamisha watu bado."

"Sisemi hilo. Hili." Alionyesha kwa kidevu. "Lifute."

"Huo si mstari wangu." Wendo alikuwa akipanga vidole sandukuni, vya wakubwa chini, vya watoto juu. Sauti yake ilikuwa imerudi mahali pake pa siku zote. "Sijaufunga. Ukitaka mtu abaki nje na kibao kiseme wote wamo, unaweza. Kitafsiri kitakubali, hakina dini. Ila sharti uyaandike hayo maneno. Huwezi tena kuandika ‘endelea'."

"Na jina langu juu yake."

"Kila mstari una jina."

Chiduo alivuta kiti cha Wendo, akakaa, akaweka mikono yake miwili kwenye kibodi. Mikono ikatulia pale. Kiashiria kilikuwa kikiwaka na kuzima kwenye ile nafasi tupu.

Wendo alifunga sanduku na kuchukua mtandio wake. Saa za kuwaona wagonjwa zilikuwa zinakaribia kwisha, na alitaka kufika Luvanda akiwa bado macho.

"Asubuhi nitaanza na kunakili," alisema akiwa mlangoni. "Naomba usiiguse alama. Hiyo inabadilishwa mwisho."

Chiduo alitikisa kichwa kukubali, bila kugeuka. Hakuwa ameandika hata herufi moja.